Vispika vya Mama Havidondoki Vyenyewe

Chumba cha uani,
Nyuma ya karakana ya mageti na madirisha,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu Machachari,

Pokea salamu zangu popote ulipo, na hapo kwenye "popote ulipo" nitarudi baadaye. Hujambo? Unakula vizuri? Unapata usingizi? Suruali zinakukaa au zinakupwaya? Usinijibu "mzima kama chuma," maana jibu hilo limeshanichosha. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua akiwa anainuka tu, akishaanza kutembea anasahau. Shemeji yako kikohozi kimemwacha, ubishi ndio haujamwacha. Mimi nina mgongo wangu ule ule wa kupiga pasi, tumeshazoeana.

Najua umeshangaa kupata barua ya karatasi wakati simu tunayo. Nimefanya makusudi. Kwenye simu unanizidi ujanja: nikikuuliza jambo unacheka, unaniita mpelelezi, unaomba kuongea na Mama, na swali langu limeishia hapo. Hapa huwezi kunikatiza. Nina jambo la kukuuliza linalohusu uhai wako, na sitaki kicheko. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Nianze na vile vispika vya masikioni visivyo na waya ulivyomtumia Mama kutoka huko ughaibuni. Asante sana. Vilifika salama kwenye kikasha chao cheupe, na Mama alitaka kuvivaa kabla hata sijavichaji. Hali ya masikio yake unaijua. Halafu hawa jirani zetu wa karakana wanagonga vyuma kutwa nzima. Siku zote ukipiga tulikuwa tunaweka sauti ya nje, na Mama anaitikia "eeh, eeh mwanangu" huku hajaambulia hata neno. Nilipoiona zawadi yako nikasema, alhamdulillahi, sasa atamsikia mtoto wake. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka.

Basi, vikaanza kudondoka. Leo kimoja nakikuta kwenye mkunjo wa gauni, kesho kingine kipo chini ya kitanda. Ukipiga wewe, ukimaliza kuongea, Mama hana kitu sikioni.

Unanijua, mimi ni mtu wa kushuku. Wala sikuzaliwa hivi, ni kazi imenifanya. Ukifua nguo za watu kwa miaka hii niliyofua, huamini mtu tena. Mteja anakuapia mfukoni hamna kitu, ukitia mkono unatoa ufunguo, dawa, mara pete ya ndoa. Kwa hiyo vispika vilipoanza kudondoka sikusema ni bahati mbaya. Niliuliza, ni nani anayevichezea?

Nikaanza na shemeji yako. Bwana yule na mechi zake za mpira! Nilikuwa na hakika anavinyemelea Mama akisinzia, anasikiliza matangazo, kisha anavirudisha vile vipira vya kuingia sikioni vikiwa vimelegea. Nikamweka kiti moto mbele ya chakula chake. Akaapa. Nikamwambia viapo vya namna hiyo navisikia kazini kila siku, njoo hapa uvivae nikuone. Weee! Unayakumbuka masikio ya shemeji yako? Hata vile vipira vikubwa kabisa vilipotelea ndani kama kunde kwenye kikombe. Alipogeuza shingo tu vikamdondokea kwenye mchuzi. Alicheka mpaka akapaliwa, na mimi ikabidi nimwombe radhi, jambo ambalo unajua silipendi.

Baada ya hapo nikavishuku vispika vyenyewe. Nikavifunga kwenye leso nikaenda navyo kwa yule muuza vifaa vya simu wa kibandani, pale kona ya kituo cha basi. Kabla hajavishika vizuri akaniambia, "Mama, hivi ni feki, niachie nikubadilishie." Nikaurudisha mkono wangu mara moja. Nikamwambia sikuja kubadilisha, nimekuja kuuliza, na utavitazama hivi hivi vikiwa mkononi mwangu. Akacheka. Lakini nisimnyime haki yake, alinifundisha mambo ya maana.

Alisema watu wengi wanavisukuma tu ndani kama kizibo, ndiyo maana vinaumiza na bado vinatoka. Ushike sikio kwa mkono wa pili, ulivute juu na nyuma kidogo, uingize kispika taratibu, halafu ukizungushe mpaka kile kimkia chake kielekee mdomoni. Ukisikia kelele za nje zimepungua na sauti yako mwenyewe imekuwa nzito kichwani, kimekaa. Kisha mtu atikise kichwa, atafune, aongee. Kikibaki baada ya hayo, hakina neno. Akaniambia tena kwamba masikio ya mtu mmoja si lazima yalingane, na akanipa vipira vidogo vya akiba bure. Hiyo bure yake nayo niliishuku njia nzima mpaka nyumbani.

Nikamkalisha Mama kitini, dirishani penye mwanga. Kumbe kweli! Sikio lake la kulia linataka kipira kidogo, la kushoto linataka cha kati. Nikagundua na jambo jingine ambalo yule kijana wa kibandani asingelijua: Mama akishaoga anajipaka mafuta mpaka ndani ya masikio, na kipira hakikai penye mafuta. Halafu anafunga kitambaa chake cha kichwa juu ya vispika, kila akigeuka kitambaa kinavikokota. Basi tukaelewana. Mafuta yaishie shingoni. Masikio yapanguswe kwa kitambaa kikavu. Kitambaa cha kichwa kifungwe kwanza, kipite nyuma ya masikio, vispika vifuate. Alinung'unika kwamba namvalisha kama bibi harusi, lakini mwenyewe aliifurahia shughuli.

Mdogo wangu, vilikaa! Mama alitafuna karanga, akatikisa kichwa, akainama kuokota kandambili, vispika vipo tu. Akasikiliza taarifa ya habari yote, na tamthilia ya redioni, mpaka akaanza kumtukana yule mwanamke wa kwenye tamthilia kwa sauti ya kusikika karakana. Nikamuuliza, vinaumiza? Hapana. Vinalegea? Hapana. Nikasema kazi imekwisha.

Kesho yake ukapiga wewe. Nikarudi kutoka kazini nikamkuta Mama ameshamaliza kuongea nawe, na vispika vyote viwili vipo mapajani.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Kitu kinachokaa imara wakati wa habari na tamthilia, kwa nini kidondoke ukipiga wewe tu? Nikaanza kufuatilia. Akisikiliza redio, vipo. Akizungumza na shangazi, vipo. Ukipiga wewe, vimetoka. Na nilipoanza kukufuatilia wewe, nikaona ya kwako pia. Ulikuwa mtu wa "haraka haraka, salio linaisha." Siku hizi unaongea kama umelipwa kwa kuongea, na daima ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa zile zile. Nikajiuliza, huyu kazi anafanya saa ngapi? Nikadhani umefukuzwa. Nikadhani umeingia kwenye mambo ya ajabu. Nisamehe, nilidhani mengi.

Ijumaa moja nikaomba ruhusa kazini nitoke mapema. Nikamvalisha Mama vispika mwenyewe, nikahakikisha vimekaa, nikakaa jikoni mlango ukiwa wazi nikijifanya nachambua mchele. Ukapiga. Mama akaitikia, akacheka, akakuuliza hali. Baada ya muda kidogo nikamwona anainua mkono, anavivuta vispika kimoja kimoja, anavifumbata kwenye ngumi yake mapajani. Na akaendelea kukuitikia. "Eeh mwanangu. Eeh. Kweli eti?" Anakuitikia na hakusikii! Ulikuwa unaongea na kiganja cha mama yako.

Nikamwendea. Nikamuuliza kwa ishara, vipi? Akanong'ona, "Vinawasha." Uongo mtupu, na Mama uongo hauwezi, midomo ilikuwa inamcheza. Nikamfumbua ngumi, nikachukua kimoja, nikakitia sikioni mwangu, nikalivuta sikio na kukizungusha kama nilivyofundishwa.

Nikakusikia vizuri kuliko siku zote tangu uondoke. Ulikuwa unamsimulia Mama kwamba upo nyumbani, umejinyoosha kwenye kochi, miguu juu, na habari za mbwa wa jirani yako aliyekula soksi. Na nyuma yako kuna kitu kinalia. Bip. Bip. Bip. Hakichoki. Mara kikalia haraka haraka, nikasikia viatu vya mpira vinakuja, mwanamke akakusemesha lugha ya huko, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Kitu kikajaa upepo, kikapumua. Na wewe ukasema "ah" kwa ndani, ukiwa umebana meno. Halafu ukarudi kwa mbwa na soksi, ukacheka.

Kochi gani hilo linalolia, Machachari?

Nilikirudisha kispika kwenye kiganja cha Mama, naye akakifumba.

Jumatatu nikiwa kazini nikamwigizia sauti hizo mwenzangu wa meza ya pili, yule tunayemwita Mvuke kwa sababu pasi ya mvuke haishiki mwingine yeye akiwepo. Nilimwigizia bip, na upepo, na zile siku tatu. Mvuke akaisimamisha pasi yake. Akaniuliza, ukiongea naye huwa anasikia kiu? Nikakumbuka siku ile ulipomwambia Mama kwamba maji siku hizi unakunywa kwa kupimiwa, tukadhani ni utani wako. Mvuke akasema kaka yake alikaa kwenye mashine hiyo muda mrefu, siku tatu kila wiki, anasafishwa damu kwa sababu figo zimegoma, mpaka dada yao mkubwa alipompa figo yake moja. Sasa anaendesha lori, na dada mtu yupo, mzima, anauza mitumba.

Niliunguza kola ya shati la mteja siku hiyo. Tangu nianze kazi hii sijawahi.

Nilikasirika, nisikufiche. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani nikikutukana barabara nzima, watu wananipisha. Umelazwa na sindano mkononi, halafu unatusimulia mbwa! Kisha hasira ikaisha, nikabaki na woga, na woga ni mbaya zaidi. Nimekubeba mgongoni wewe. Meno yako ya kwanza yamening'ata bega hili.

Nikamwendea Mama. Nikamwambia, "Mama, wewe umejua tangu lini?" Hakujifanya hajanielewa. Akasema tangu siku ile ya kwanza vispika vilipokaa sawasawa. Hakujua ni ugonjwa gani, lakini mtu mwenye mtoto anaijua sauti ya mtoto anayevumilia maumivu. Nikamuuliza, sasa kwa nini unavivua? Akasema, "Nikimsikia sana nitalia. Nikilia atajua. Akijua nimejua, ataacha kunipigia akiwa pale. Na pale ndipo ananitaka." Halafu akanitaka nimwahidi kwamba sitakuambia. Nikaahidi.

Ndiyo hivyo, ahadi yenyewe nimeivunja leo, tena kwa wino wa mpwa wako, maana kalamu nimeiiba kwenye begi lake la shule. Mama haijui barua hii. Kwa Mama endelea vile vile. Mpigie siku zako zile zile, mwambie upo kwenye kochi, mletee habari za mbwa. Yeye ataitikia. Msiharibiane. Lakini kwangu mimi mchezo huo umekwisha, nataka habari kamili: ulianza kuumwa lini, daktari amesema nini, nani anakupeleka na nani anakurudisha, na ukifika nyumbani kuna mtu wa kukupa hata uji.

Na usije ukaniambia hukutaka kutusumbua. Nimekufulia nepi, sasa hivi ndiyo utaanza kunionea haya?

Shemeji yako anakusalimu. Nimemweleza yote, na kwa mara ya kwanza tangu anioe hakubisha. Alienda nje, akarudi akasema nauli ya kwenda huko itatafutwa. Watoto wanakusalimu, wao nimewaambia mjomba ana kazi nyingi. Mvuke anakusalimu ingawa hakujui, anasema usinywe maji ya kuibia. Shangazi naye anakusalimu, wala hajui lolote, na tafadhali asijue, maana akijua yeye wamejua wote.

Limebaki moja, ndilo lililonifanya niishike kalamu. Alhamisi nimekwenda hospitali, nimepima. Moyo mzima, presha haina neno, sukari hakuna, figo zangu zote mbili zinafanya kazi. Kundi langu la damu ni O, na muuguzi kaniambia mwenye kundi hilo anaweza kumpa yeyote, mradi vipimo vingine vya huko kwenu vikubali. Nilimuuliza maswali mengi mpaka akaniuliza kama mimi ni wakili.

Na kwa kuwa kushuku ndiyo tabia yangu, acha nishuku hili la mwisho. Mvuke anasema mtu akianza ile mashine, madaktari humuuliza mapema kabisa kama ana ndugu wa damu. Nashuku na wewe walikuuliza. Nashuku ulimfikiria Mama, ukanifikiria mimi na mgongo wangu, ukawaambia huna mtu.

Ukishaisoma barua hii, siku ya kwanza ukifika pale, kabla hawajakuchoma sindano, waambie unaye dada.

Mungu akulindie mkono huo wanaouchoma, na huo mwingine pia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nitakayekushuku mpaka upone.